Mistari miwili, bila mtoto: Uvimbe adimu wa ovari na muda ambao mabinti wa Eldoret hawana

Kipimo cha mimba ulichonunua kwa kemisti kimeonyesha mistari miwili. Maswali yanayofuata yanajulikana mtaani: ni wa nani, na sasa utafanyaje? Hakuna anayeuliza swali la tatu. Je, kama hakuna mtoto?

Tuseme ukweli, mara nyingi sana mistari miwili ni mimba. Lakini kipimo hicho hakimwoni mtoto. Kinachotafuta ni homoni iitwayo HCG kwenye mkojo, na kuna uvimbe fulani wa ovari, adimu sana, unaotoa homoni hiyo hiyo. Binti anatapika, tumbo linakua, majirani wanahesabu miezi, kumbe kinachokua ni kitu kingine kabisa.

Hii si hadithi ya kutisha watu wa TikTok. Ni mfano mmoja tu wa jinsi uvimbe adimu wa ovari unavyojificha nyuma ya mambo ya kawaida, na unavyompotezea msichana wiki ambazo hana. Kwa mji kama Eldoret, wenye hospitali ya rufaa inayotegemewa na magharibi nzima ya Kenya, na wanafunzi wa vyuo kila kona kuanzia Annex hadi Kesses, suala hili linatuhusu moja kwa moja.

Adimu, lakini wa rika letu

Saratani ya ovari kwa jumla huhesabiwa kuwa ugonjwa wa akina mama wa umri mkubwa. Takwimu za dunia za 2022 zilionyesha wagonjwa wapya takriban 324,000 na vifo karibu 207,000. Wengi wao wana aina ile ya kawaida inayoanzia kwenye ngozi nyembamba inayofunika ovari au kwenye mirija iliyo karibu, na wengi walikuwa wameshakoma hedhi.

Aina tunazozungumzia hapa ni tofauti. Kuna zinazoanzia kwenye seli zenyewe za mayai. Hizi hazifiki asilimia tano ya saratani zote za ovari, lakini umri zinaoupenda ni miaka ya utineja na ishirini na kitu. Yaani Form Three hadi mwaka wa mwisho wa chuo. Disijeminoma ni mojawapo. Nyingine ni uvimbe wa kifuko cha kiini, ambao hukua kwa kasi ya wiki, si miaka. Na kuna teratoma, ambayo mara nyingi si saratani hata kidogo, ingawa ipo aina changa iliyo hatari.

Kundi la pili huanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni. Hapa mwili unaanza kufanya mambo ya ajabu. Uvimbe wa granulosa humwaga homoni za kike: mtoto wa miaka sita au saba anaota matiti na kuvuja damu, au nyanya aliyekoma hedhi miaka mingi anaanza tena kupata damu. Uvimbe wa Sertoli-Leydig hufanya kinyume: hedhi inapotea, sauti inakuwa nzito, ndevu zinaota. Kabla hujaanza kujikagua kwenye kioo, jua kwamba nywele za kidevu na hedhi inayorukaruka kwa kawaida husababishwa na PCOS, hali ya homoni inayowapata wanawake wengi, wala si uvimbe. Dalili ya kushtua ni mabadiliko ya ghafla, yanayoendelea kwa kasi ndani ya miezi michache.

Tena, msichana akipigwa skeni na kuambiwa ana maji kwenye ovari, asianze kuandika wosia. Vifuko vingi vya maji huja na kuondoka na mzunguko wa hedhi. Kazi ngumu ya daktari ni kumtambua yule mmoja asiye wa kawaida kati ya wengi wa kawaida.

Jina kwanza, kisu baadaye

Eneo letu lina historia yake katika jambo hili. Mwaka wa 1958, daktari Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa ajabu uliokuwa ukivimbisha taya za watoto. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya wiki kumi, wakizunguka hospitali hadi hospitali kusini na mashariki mwa Afrika wakiuliza nani amewaona watoto wa namna hiyo. Waligundua kwamba ugonjwa unafuata joto, mvua na mabonde ya chini, na unapungua sana kwenye nyanda za juu. Leo tunajua sababu: unahusiana na malaria pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1964 kwenye sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London.

Hiyo taya inahusiana vipi na ovari? Ni kwamba limfoma ya Burkitt haikai kwenye taya pekee. Kwa wasichana hupenda pia ovari, mara nyingi zote mbili kwa mpigo. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo si nyumbani kwa ugonjwa huu. Lakini wagonjwa hupanda kuja hapa kutoka nyanda za chini za Busia na kandokando ya ziwa.

Sasa weka wasichana watatu kwenye benchi moja la kliniki. Wote wana tumbo lililovimba na skeni inayosema "uvimbe kwenye ovari". Wa kwanza ana teratoma ya kawaida: anatolewa uvimbe, anarudi nyumbani, mambo yameisha. Wa pili ana disijeminoma: anatolewa ovari moja iliyougua, ya pili na mfuko wa uzazi zinaachwa, kisha huenda akahitaji kemo. Wa tatu ana Burkitt: huyu hahitaji upasuaji mkubwa, anahitaji kemo haraka sana, kwa sababu uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ukimpasua wa tatu kama wa kwanza, unampotezea siku za uhai wake. Ukimfanyia wa pili upasuaji wa mama wa miaka 60, ukamtoa kila kitu, umempokonya uzazi bila sababu.

Skeni peke yake haiwezi kuwatofautisha watatu hawa kwa uhakika. Ndiyo maana kuna vipimo vya damu. AFP hupanda kwa uvimbe wa kifuko cha kiini, LDH kwa disijeminoma, HCG kwa ule unaoiga mimba, na inhibini kwa granulosa. Ni mirija michache ya damu tu, lakini ichukuliwe kabla ya upasuaji, kwa sababu baadaye namba hizo ndizo zinazoonyesha kama tiba imefanya kazi au ugonjwa unarudi.

Jibu la mwisho hutoka kwa mtu ambaye wagonjwa wengi hawamwoni kamwe: mwanapatholojia. Yeye huchukua nyama iliyotolewa, akaikata vipande vyembamba kuliko karatasi, akaipaka rangi na kuiangalia kwa darubini. Kwa aina adimu, rangi ya kawaida haitoshi. Zinahitajika rangi maalum za kingamwili zinazoonyesha seli hiyo ilizaliwa wapi. Sayansi nayo inasonga: mwaka wa 2009 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba karibu kila uvimbe wa granulosa wa watu wazima una badiliko lile lile moja kwenye jeni iitwayo FOXL2. Kosa moja la herufi kwenye DNA, na jina la ugonjwa linapatikana.

Dawa ina uhusiano na Eldoret

Wengi wetu hatuijui sehemu hii. Seli za mayai kwenye ovari na seli za mbegu kwenye korodani zina asili moja tumboni mwa mama. Kwa hiyo saratani zake ni ndugu, na dawa yake ni moja.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana wa kiume ambaye saratani yake ya korodani ilikuwa imesambaa alikuwa na nafasi ndogo mno ya kupona. Mwaka wa 1974, daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alijaribu kuchanganya sisplatini na dawa nyingine mbili. Matokeo yalibadilisha kila kitu. Mchanganyiko huo ukaboreshwa hadi ukawa BEP: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Na ndio unaotumika leo hata kwa wasichana wenye uvimbe wa seli za mayai. Ugonjwa ukikamatwa mapema, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hupona. Hata uliosambaa, wengi hupona.

Chuo Kikuu cha Indiana ndicho kile kile kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi tangu mwanzo wa shule yake ya udaktari, mwishoni mwa miaka ya 1980, ushirikiano uliozaa AMPATH mwaka wa 2001. Yaani chuo kilikopatikana tiba hii kimekuwa na madaktari hapa Eldoret kwa zaidi ya miaka 30. Kwa upande wa saratani za wanawake, Moi imekuwa ikifundisha madaktari bingwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Toronto kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mji huu pia una rejista yake ya saratani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Dawa hizo tatu si mpya wala si za anasa. Zote ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Mizunguko ni mitatu au minne, kila mmoja wiki tatu. Kwa mwanafunzi hiyo ni semista moja. Unapoteza semista, unabaki na maisha.

Basi muda unapotelea wapi?

Fuata njia ya binti wa kawaida wa Langas. Tumbo linauma upande mmoja. Anaenda kwa kemisti, anapewa dawa ya minyoo au ya vidonda vya tumbo. Haijaisha. Zahanati inasema ni UTI au maambukizi ya njia ya uzazi, anapewa antibayotiki. Mwezi umekwisha. Tumbo sasa linaonekana, kwa hiyo mazungumzo nyumbani yanahamia kwenye mimba, na binti anaanza kujificha. Akipigwa skeni hatimaye, hospitali ndogo inaweza kuamua kutoa uvimbe huo huo wiki hiyo, kwa nia njema kabisa. Halafu nyama iliyotolewa inaenda wapi?

Kwangu mimi hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi. Katika vituo visivyo na maabara ya patholojia, mara nyingi familia ndiyo inayoambiwa ipeleke sampuli kwenye maabara ya nje na kuilipia. Mgonjwa amepata nafuu, pesa zimekwisha, chupa yenye nyama inabaki kwenye rafu. Kama ulikuwa uvimbe wa kawaida, hakuna hasara. Kama ulikuwa wa kifuko cha kiini, atarudi baada ya miezi mitatu ugonjwa umeenea, na hakuna anayejua ulianza kama nini.

Pesa ni nusu ya hadithi. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, kifurushi cha saratani kilitangazwa kuwa Sh550,000 kwa familia kwa mwaka: Sh400,000 kutoka hazina ya bima na Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Mjadala wote tangu hapo umekuwa kuhusu kiwango hicho, kama kinatosha au hakitoshi. Ni mjadala wa haki. Lakini kifurushi cha saratani kinamfaa mtu ambaye tayari ameitwa mgonjwa wa saratani. Nani anabeba gharama za kipindi kile cha kati, skeni ya CT, vipimo vinne vya damu, patholojia na rangi zake maalum, kabla jina halijapatikana? Kwa familia nyingi jibu ni kundi la WhatsApp na nambari ya paybill.

Na kwa vijana wa hustle kuna kikwazo kingine. Aliye na payslip hukatwa asilimia 2.75 bila kuulizwa. Wa boda, wa mitumba na wa saluni anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600. Wengi husubiri hadi waugue. Uvimbe unaokua kwa wiki haukusubiri ujichange.

Mfumo wenyewe nao hutikisika. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8. Siku 56 ni zaidi ya mizunguko miwili ya BEP. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na AMPATH, ambayo huduma zake za HIV zilitegemea pesa za USAID, ikawa miongoni mwa walioguswa. Eldoret imepewa hadhi ya jiji tangu Agosti 2024. Jiji lisipimwe kwa mataa ya barabarani pekee. Lipimwe pia kwa muda ambao sampuli ya nyama inachukua kutoka kwa daktari wa upasuaji hadi chini ya darubini.

Kwa nini tusipimwe sote?

Kuna wanaosema suluhisho ni kampeni kubwa ya kuwapima wasichana wote. Inasikika poa, ila ushahidi haukubali. Uingereza iliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 waliokoma hedhi, baadhi wakipimwa damu na skeni kila mwaka. Matokeo ya mwisho, mwaka wa 2021, yalionyesha kwamba upimaji huo haukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Kama haukufaulu kwa aina ya kawaida, hautafaulu kwa aina adimu inayoweza kuchipuka na kukua kati ya vipimo viwili. Mtakachopata ni maelfu ya wasichana wenye vifuko vya maji visivyo na madhara wakipasuliwa bure.

Usichanganye hili na saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ina kipimo kinachofanya kazi na chanjo ya HPV, ambayo Kenya imekuwa ikiwapa wasichana tangu Oktoba 2019. Lakini kipimo hicho cha mlango wa kizazi hakionyeshi ovari. Dada anaweza kupimwa, akaambiwa yuko salama, na ovari yake haijaguswa na mtu.

Kinachobaki ni kumsikiliza mwenye dalili, haraka.

Meno, nywele na maneno ya watu

Teratoma ikipasuliwa, ndani mnaweza kupatikana nywele, mafuta, hata meno. Si vigumu kukisia familia itasema nini. Maelezo ya daktari ni mepesi kuliko ya mganga: seli ya yai ina uwezo wa kutengeneza kila sehemu ya mwili, na hapa imeanza kazi hiyo bila mpango na bila baba. Hakuna aliyekulisha nywele usiku.

Kuna lingine zito zaidi. Mwaka wa 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza kuhusu wanawake 12 waliochanganyikiwa ghafla, wengine wakaona mambo yasiyokuwapo, wakapata kifafa na kupoteza fahamu. Karibu wote walikuwa na teratoma ya ovari. Mwili ulikuwa umetengeneza kingamwili dhidi ya uvimbe huo, na kingamwili hizo zikaushambulia ubongo. Wengi walipata nafuu baada ya kutibiwa, na walioondolewa uvimbe mapema walifanya vizuri zaidi. Ni nadra mno. Lakini binti mzima wa jana akibadilika kwa siku chache, hospitali ije kabla ya maombi ya kukesha. Maombi yanaweza kuendelea akiwa wodini.

Kinachoweza kubadilika

Hatuhitaji mashine mpya ya mabilioni kuanza. Kwanza, iwe sheria isiyo na mjadala kwamba hakuna uvimbe wa ovari unaotolewa katika kaunti yoyote bila kupelekwa patholojia, na gharama iwe ndani ya bili ya upasuaji, isiwe mzigo wa familia. Pili, SHA ilipie njia ya kutafuta jina, si tiba pekee. Tatu, vituo vidogo viwe na kanuni rahisi: msichana mwenye uvimbe mgumu, wenye nyama ndani au unaokua haraka, achukuliwe damu na apewe rufaa kabla ya kisu.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu? Tumbo likivimba au kuuma upande mmoja kwa zaidi ya wiki mbili tatu, ukishiba kwa vijiko viwili, ukikojoa kila saa, au hedhi ikibadilika ghafla, dai skeni, usidai kidonge kingine. Maumivu makali ya ghafla yakija na kutapika, nenda usiku huo huo. Ovari inaweza kuwa imejisokota. Kipimo cha mimba kikisema ndiyo na skeni ikakosa mtoto, usirudi nyumbani bila maelezo, kwa sababu hata mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huua.

Ukiambiwa utapasuliwa, uliza maswali manne, kwa heshima lakini bila aibu. Damu ya viashiria imechukuliwa? Ovari ya pili itaachwa? Nyama itapelekwa maabara gani? Majibu nitayachukua lini, na kwa nani?

Andika majibu. Na tarehe ikifika, nenda ukaichukue karatasi hiyo hata kama unajisikia mzima. Iweke salama kama unavyoweka cheti cha KCSE, maana kila daktari utakayekutana naye baadaye ataanza kwa kuiomba.